Kijana wa miaka 16 anayejitegemea: mahakama inaweza kumtambua kuwa mtu mzima kabla ya 18?

Dawati_la_Msaada:

Wakuu, habari za saa hizi. Swali hili linawarudia wasaidizi wa kisheria kila mara, na majibu yanayotolewa yanapingana. Naliweka hapa wenye ujuzi walichambue.

Kijana ana miaka 16. Haishi na wazazi, ana kipato chake halali na anajilipia chumba. Anataka kusaini mkataba wa pango kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki bila mzazi, na akiumwa asianze kutafutiwa baba wa kuweka saini hospitali. Amesoma mtandaoni kwamba kuna nchi ambako mtoto huomba mahakama imtoe chini ya mamlaka ya wazazi, naye anaamini akipata karatasi hiyo basi atakuwa na haki zote za mtu wa miaka 18.

Naomba kueleweshwa. Utaratibu huo ukoje hasa, na hakimu huangalia nini? Unampa nini na unamnyima nini? Na pale ambapo sheria haina kitu hicho, kijana kama huyu anasaidiwaje?

---

Mwanasheria_Mwandamizi:

Kabla ya kufika mahakamani, kijana huyo atenganishiwe mambo mawili ambayo ameyachanganya. Kuna umri wa utu uzima wa kisheria, yaani siku ambayo mtu anaanza kufunga mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake na kumiliki mali bila msimamizi, na mamlaka ya wazazi juu yake yanakoma. Halafu kuna umri wa jambo moja moja: kupiga kura, kuoa au kuolewa, kuajiriwa, kuendesha gari, kununua pombe, kuwajibika kwa jinai. Kila umri una sheria yake, na si lazima ulingane na mwingine.

Mfano mzuri ni Japani. Tarehe 1 Aprili 2022 ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18, lakini pombe na sigara vikabaki pale pale kwenye 20. Marekani mtu anapiga kura akiwa na miaka 18 kwa marekebisho ya 26 ya Katiba yao, ya mwaka 1971, ila pombe ni 21. Korea Kusini utu uzima ni 19. Jimbo la Mississippi bado ni 21, ambao ndio uliokuwa umri wa kawaida katika nchi nyingi hadi nusu ya pili ya karne iliyopita. Uingereza ilitoka 21 kwenda 18 tarehe 1 Januari 1970, Ufaransa ikafuata mwaka 1974. Kenya na Tanzania zote ni 18.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 1, unasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kama sheria inayomhusu inampa utu uzima mapema zaidi. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoziruhusu nchi kuwa na utaratibu anaouulizia kijana wenu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 haukuacha nafasi kama hiyo: ibara ya 2 inasema chini ya miaka 18, basi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "je, huyu ni mtu mzima?", nawe muulize: kwa ajili ya jambo gani, na chini ya sheria ipi? Bila hivyo mtajadiliana mchana kutwa kila mmoja akiwa sahihi kwa upande wake.

Kuna jambo la tarehe pia, maana kesi huweza kuanguka kwa siku moja. Kanuni ya zamani ya Kiingereza ilimhesabu mtu kuwa ametimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Sheria ya 1969 iliyoshusha umri huko ndiyo iliyosema sasa ni mwanzo wa siku yenyewe. Aliyezaliwa tarehe 29 Februari, Uingereza huhesabiwa ametimiza tarehe 1 Machi katika mwaka usio mrefu, Taiwan 28 Februari. Someni sheria ya tafsiri ya sheria ya nchi husika.

---

Karani_wa_Masjala:

Nijibu kuhusu utaratibu. Nachukua California na Ufaransa kwa sababu zinaonyesha njia mbili zilizo tofauti kabisa.

California mtoto mwenyewe ndiye anayeomba. Lazima awe ametimiza miaka 14, awe anaishi mbali na wazazi kwa hiari yake, na wazazi wawe wameridhia au walau wameliacha jambo hilo liendelee bila kulipinga. Awe anasimamia fedha zake mwenyewe, na kipato chake kisitokane na uhalifu. Baada ya hapo mahakama inajiuliza kama kumkubalia kunakwenda kinyume na maslahi yake. Ndoa halali au kuwa askari wa kudumu jeshini navyo humtoa mtu chini ya mamlaka ya wazazi bila ombi hili.

Pamoja na ombi anaambatanisha taarifa ya mapato na matumizi, na maombi mengi hufia hapo. Kijana anaandika mshahara, kodi ya chumba na chakula, anaona hesabu imebaki, anaridhika. Hakimu anaisoma na kuanza kuuliza: umeme na maji je? Nauli? Bima ya afya, na kama hana, dawa zitalipwa na nini? Ada na vifaa vya shule? Kodi ya mapato? Akiba ya mwezi ambao saa za kazi zimepunguzwa? Hesabu isiyo na mstari wa matibabu inamwambia hakimu kwamba huyu bado hajajua gharama za kujitegemea. Weka hati za mshahara za miezi kadhaa mfululizo, taarifa ya benki, mkataba wa pango au barua ya mwenye nyumba, na barua ya mwajiri inayotaja saa za kazi. Pesa anazotumiwa na shangazi kila mwezi zitajwe kuwa msaada. Zikiandikwa kama kipato, hakimu atagundua na ataanza kuitilia shaka hesabu nzima.

Wazazi au mlezi hupewa taarifa ya ombi. Kama hawajulikani walipo, au kuwapa taarifa kunaweza kuleta hatari, mwombaji aeleze hayo kwa maandishi na mahakama iamue. Kuwaficha ni kosa kubwa, kwa sababu amri iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi inaweza kutanguliwa, yaani kubatilishwa. Vilevile inaweza kufutwa kama kijana ameishiwa na hana njia ya kujikimu. Hata hivyo mikataba aliyofunga wakati amri ikiwa hai inabaki kumbana, na mali aliyoipata inabaki yake.

Ombi likikubaliwa anapata amri ya mahakama, na hadhi hiyo huweza kuandikwa kwenye kitambulisho chake. Achukue nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana benki, mwenye nyumba na hospitali kila mmoja atataka ya kwake.

Ufaransa mlango ni mwingine. Umri ni kuanzia miaka 16, na waombaji ni wazazi wote wawili au mmoja wao. Mtoto haombi mwenyewe. Jaji lazima amsikilize mtoto, kuwe na sababu za msingi, na akiomba mzazi mmoja basi mwenzake naye asikilizwe, isipokuwa kama hawezi kueleza nia yake. Asiye na wazazi huombewa na baraza la familia. Mtoto anayepigana na wazazi wake hapati msaada hapo. Njia yake ni sheria za ulinzi wa mtoto.

---

Mtetezi_Watoto:

Karani amelimaliza la utaratibu. Mimi nataka kijana aambiwe anapoteza nini, kwa sababu hili husemwa mwisho kabisa au halisemwi.

Akishatolewa chini ya mamlaka ya wazazi kwa amri ya aina ya California, haki yake ya kudai matunzo kutoka kwao inaondoka pamoja na mamlaka hayo. Akivunjika mguu miezi miwili baadaye na kazi ikasimama, hawezi kurudi kusema baba alipe kodi. Kuna wazazi wanaomsukuma mtoto aombe kwa sababu hiyo hiyo: wanataka kuukwepa wajibu. Msaidizi wa kisheria akiona mzazi ndiye mwenye haraka na karatasi, amkalishe kijana peke yake na kumuuliza wazo hili limetoka kwa nani.

Amri hiyo pia haibadilishi umri wake. Hapigi kura. Hanunui pombe. Sheria za ajira kwa watoto zinaendelea kumhusu, na za shule ya lazima vilevile. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138 wa 1973 umeweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kawaida wa kuajiriwa (14 kwa nchi ambazo uchumi na elimu havijakua vya kutosha), na 18 kwa kazi za hatari. Mgodi haumwajiri wa miaka 16 eti kwa kuwa ana amri ya mahakama. Sheria za makosa ya kujamiiana zinazomlinda mtoto nazo zinaendelea kumlinda, na mtu mzima asije akaitumia karatasi hiyo kama utetezi. Ufaransa aliyetolewa chini ya mamlaka ya wazazi hawi hata mfanyabiashara bila ruhusa ya jaji, na kwa ndoa bado anafuata masharti ya mtoto.

Hapo ndipo kijana wenu alipokosea. Amri inamaliza uhusiano wa mamlaka kati yake na wazazi. Pale sheria inapotaja miaka, miaka yake ni ile ile.

---

Dawati_la_Msaada:

Nashukuruni sana. Na mikataba ambayo ameshasaini bila amri yoyote? Mwenye nyumba anasema "alisaini mwenyewe, atalipa". Kijana anasema "nilikuwa mtoto, sidaiwi".

---

Wakili_wa_Mikataba:

Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Jibu linategemea nchi inafuata mkondo upi.

Katika sheria ya Kiingereza, na Kenya wanafuata mkondo huo, mikataba mingi ya aliye chini ya umri haimfungi yeye lakini inamfunga mwenzake mtu mzima. Isipokuwa mahitaji ya lazima: chakula, mavazi, malazi, matibabu, mafunzo ya kazi. Hayo atayalipia, tena kwa bei ya haki, hata kama bei iliyoandikwa ni kubwa zaidi. Mwenye kudai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mambo mawili, kwamba kitu kinalingana na hali ya maisha ya kijana na kwamba wakati ule hakuwa nacho cha kutosha. Katika Nash dhidi ya Inman, mwaka 1908, fundi wa nguo alimdai mwanafunzi wa Cambridge bei ya mavazi, vikiwemo vizibao 11 vya kifahari. Baba akaonyesha kwamba kijana alikuwa tayari na nguo za kumtosha. Fundi akashindwa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekodisha chumba kwa mtu asiye na pa kulala ana hoja nzuri, lakini aliyemkopesha simu ya tatu hana.

Mkondo wa India ni mkali zaidi. Katika shauri la Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose, mwaka 1903, kijana aliweka nyumba rehani kwa mkopo, na wakala wa mkopeshaji alikuwa anajua umri wake. Baraza la Privy, mahakama ya London iliyokuwa ya mwisho kwa rufaa za makoloni ya Uingereza, lilisema mkataba wa aliye chini ya umri ni batili tangu mwanzo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania imechotwa kutoka ile ya India ya 1872, na inasema anayeweza kufunga mkataba ni yule aliyetimiza umri wa utu uzima. Hata huko, aliyempatia mtoto mahitaji ya lazima anarudishiwa kutoka kwenye mali ya mtoto. Kama mtoto hana mali, hakuna pa kukamata.

Tofauti hii inaonekana hasa kijana anapotimiza 18. Mkataba unaoweza kutanguliwa, kama wa mkondo wa Kiingereza, anaweza kuuthibitisha, hata kwa vitendo, kwa mfano akiendelea kukaa na kulipa kodi. Uliokuwa batili tangu mwanzo hauna cha kuthibitishwa, kwa hiyo andikeni mpya wenye tarehe mpya. Wengi huongeza saini kwenye karatasi ya zamani wakadhani wameiponya.

Kwa chumba, njia isiyo na ubishi ni mtu mzima asaini kama mpangaji, kijana aandikwe mkaaji. Msitegemee mdhamini peke yake. Deni kuu likiwa batili, na udhamini huenda ukayumba, isipokuwa kama umeandikwa kama ahadi ya kulipa inayojitegemea.

Na kijana asidanganye umri. Kudanganya hakumfanyi kuwa mtu mzima, lakini mahakama inaweza kumwamuru arudishe alichopata, na akitumia hati ya kughushi hiyo ni jinai.

---

Mwanasheria_Mwandamizi:

Nirudi kwenye swali la mwisho la mwanzisha mada, la nchi zisizo na utaratibu huu. England na Wales hawana ombi la aina hii. Jimbo la New York halina sheria ya kuliomba: mahakama huamua suala hilo likijitokeza ndani ya shauri lingine, mara nyingi la matunzo. Kenya na Tanzania nako msiandike ombi la kutangazwa mtu mzima, litarudi. Vunjeni tatizo vipande, kila kipande kina mlango wake.

Kama kijana hana mtu wa kumwamulia, ombeni mahakama imteue mlezi anayefaa: babu, shangazi, ndugu aliyetimiza umri. Mlezi huyo ndiye atakayesaini pango na kusimamia akaunti. Hii hutatua sehemu kubwa ya matatizo yote, na kijana anabaki na haki ya matunzo.

Kama wazazi wapo ila wamemtupa, dai ni la matunzo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamruhusu mtoto mwenyewe kudai kupitia rafiki wa karibu, yaani mtu mzima anayemwendeshea shauri kwa niaba yake, na ofisa ustawi wa jamii naye anaweza kuomba. Akiwa bado shuleni, matunzo yanaweza kuendelea hata baada ya 18. Kenya nao mahakama inaweza kurefusha wajibu wa wazazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalumu. Kama kuna kipigo au unyanyasaji, msianze na matunzo. Anzeni ustawi wa jamii au dawati la watoto polisi, amri ya ulinzi itangulie.

Matibabu yana sheria zake. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua katika shauri la Gillick kwamba hata aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu kama ana akili ya kutosha kuelewa kinachopendekezwa. Hospitali nyingi zina mwongozo wa dharura unaoruhusu kutibu kwanza. Ulizeni mwongozo ulioandikwa, msitegemee neno la mapokezi.

Scotland walichagua njia ya tatu ambayo naiona bora kuliko zote hizi. Kwa sheria ya 1991, kuanzia miaka 16 kijana ana uwezo wa kufunga mikataba, lakini muamala alioufanya akiwa na 16 au 17 anaweza kuomba mahakama iutangue kabla hajatimiza 21, kama ulimdhuru kwa kiasi kikubwa na mtu mwenye busara asingeufanya. Anapewa uhuru bila kunyang'anywa kinga.

---

Ustadh_Faraidh:

Kwa wanaohudumia familia za Kiislamu: sheria ya Kiislamu nayo inatenganisha hatua mbili. Kuna kubaleghe, na kuna rushdi, yaani uwezo wa kusimamia mali kwa busara. Aya ya 6 ya Sura An-Nisaa inaagiza mayatima wajaribiwe hadi wafikie umri wa kuoa, kisha ikionekana wana rushdi ndipo wakabidhiwe mali zao, na kukabidhi kuwe na mashahidi. Dalili za kubaleghe zisipoonekana, wanazuoni wengi wanaweka miaka 15 kwa hesabu ya mwezi. Mlezi wa mali ya yatima asikabidhi kwa kuangalia ndevu tu. Ampe kwanza kiasi kidogo akisimamie, aone. Na kama mirathi imefunguliwa mahakamani, umri wa sheria ya nchi uangaliwe pia kabla ya kukabidhi ardhi au nyumba.

---

Dawati_la_Msaada:

Moja la mwisho. Huyu wa kwetu hana cheti cha kuzaliwa. Umri tunauthibitishaje?

---

Karani_wa_Masjala:

Ombeni usajili wa kuchelewa kwanza, hata kama shauri linasubiri. Wakati huo kusanyeni nyaraka zilizoandikwa zamani, kabla hajawa na sababu ya kuongeza au kupunguza umri: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya kuandikishwa darasa la kwanza. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo za wiki za mwanzo ina nguvu kuliko kiapo kilichoandikwa wiki iliyopita. Kiapo cha mzazi au jirani kitaje jambo la kupimika: alizaliwa mwaka gani, kabla au baada ya nani, muapaji amejuaje. "Namfahamu tangu utotoni" haithibitishi kitu.

Eksirei ya kifundo cha mkono iwe ya mwisho. Inapima ukomavu wa mifupa, na watoto wa umri mmoja hutofautiana hata kwa miaka miwili, kwa hiyo kati ya 16 na 18 haiwezi kukata shauri. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla namba 24 ya 2019, imesema ushahidi ukishindwa kuamua, shaka imnufaishe mtoto. Linukuuni hilo kwenye hoja zenu.

Kisha linganisheni tarehe kwenye karatasi zote kabla ya kuwasilisha. Kadi ikisema Machi na rejista ya shule ikasema Mei, elezeni tofauti hiyo ninyi wenyewe kwenye kiapo. Upande wa pili ukiiona kwanza, mtatumia siku nzima ya usikilizaji kujitetea.